Nafasi Sita za Unaibu

Jumatatu, 4 Agosti

Wamekubali! Baraza la kaunti limekubali! Karatasi imebandikwa tangu asubuhi kwenye kioo cha mkahawa: Mkuu wa Polisi wa Kaunti ya Wardell anatafuta raia sita wa kujitolea wawe manaibu wake. Ilikuwa lazima. Kaunti nzima ina polisi watatu. Ukiibiwa kaskazini wakati wao wako kusini, mwizi ana muda wa kuiba, kunywa kahawa, na kurudi kuchukua alichosahau.

Wazo ni langu. Nilimpa Mkuu mwaka juzi, harusini, nikiwa na sahani mkononi. Mkuu mwenyewe ni Lorna, mtoto wa dada yangu Ardith. Nimembeba huyu. Nimemfundisha kuendesha trekta. Leo akaniambia hayakumbuki maneno ya harusini, ila fomu ziko pale mezani, Mjomba, chukua moja kama watu wengine. Kama watu wengine! Nimeelewa. Hataki waone upendeleo. Mjanja, ametoka kwetu.

Fomu ina kurasa nne. Walipouliza elimu, nimeandika: inatosha. Walipouliza uzoefu wa kazi za usalama, nimewaeleza ile ya mwaka tisini na moja, nilivyomkamata mwizi wa ng'ombe kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umemshika ng'ombe. Nafasi ikaisha, nikaendelea pembeni, nikageuza karatasi.

Kazi zenyewe: kuongoza magari kwenye maonyesho, kutazama nyumba za waliosafiri, kusindikiza misiba, kuwajulia hali wazee. Hakuna bunduki. Hakuna pingu. Nimesoma mara tatu, kweli hakuna pingu. Majina yatatangazwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kiapo siku hiyohiyo, kwenye ngazi za mahakama, na Lorna kwa mkono wake mwenyewe atambandika kila mmoja beji kifuani.

Nimepita mkahawani nikawatangazia wanaume wa meza ya kahawa kwamba mimi nimeshapita, bado watano. Wakacheka! Burl, yule mwenye maghala ya nafaka, akapaliwa na kahawa. Akasema Verlin Stambaugh akiwa naibu, basi kuku wake naye atakuwa jaji. Nikamwambia kuku wake ana akili kumzidi mwenyewe, kwa hiyo haitakuwa hasara. Wakacheka tena, lakini sasa upande wangu. Nadhani.

Mmoja tu hakucheka: Delmar Fosdick. Alikuwa tarishi wa posta miaka thelathini na moja, sasa amestaafu. Alikaa kimya akijaza fomu. Ana mwandiko mzuri mno. Mimi watu wenye mwandiko mzuri siwaamini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka. Nimetazama dirishani. Hakuna aliyekuwa anaiba. Hilo ndilo linalotia shaka.

Nimefungua daftari la upelelezi. Mpaka mchana kurasa kumi na saba. Nanakili machache:

Saa mbili na dakika kumi. Pikapu ya bluu. Nimemsalimia dereva kwa vidole viwili juu ya usukani, kama mtu aliyelelewa. Yeye kanyanyua kimoja. Kwa nini kimoja? Cha pili kinafanya nini?

Saa tatu. Mjane wa nyumba ya kona anaanika mashati saba ya kiume. Mjane!

Saa nne kasoro. Delmar anatembea kwa miguu, mtaa mzima. Mbwa wanane. Hakuna aliyebweka. Wanamtikisia mikia. Mtu ambaye habwekewi na mbwa hata mmoja ni mtu aliyejiandaa muda mrefu.

Jioni dada Ardith kapiga simu, moto. Akasema wewe mzee una miaka hamsini na sita, unamkalia mama wa watu mbele ya nyumba na darubini akianika nguo? Mashati ni ya mchungaji, mashine yake ya kufulia imekufa. Nikamjibu hayo ndiyo anayosema yeye. Ardith akasema hajasema yeye, nasema mimi, nimempelekea mwenyewe hayo mashati. Nikaandika: Ardith anahusika na mashati.

Alhamisi, 7 Agosti

Mafunzo ya kwanza, kituo cha zimamoto. Tumejitokeza tisa kwa nafasi sita. Nimepiga hesabu. Watatu watalia.

Nimekaa mbele. Miwani ya jua. Lorna akaniomba niivue, tupo ndani. Nimeivua taratibu, kwa heshima ya cheo chake.

Akaandika ubaoni sheria nne. Tazama. Uliza. Piga simu. Usimguse mtu. Nikanyoosha mkono. Nikikutana na jambazi mwenye silaha? Piga simu. Wakiwa kumi na wawili? Piga simu, Mjomba. Wakiwa kumi na wawili na simu haina chaji? Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, basi wahadithie ile ya ng'ombe, watajisalimisha wenyewe. Kicheko kituo kizima. Huyo ni Winona Krebs, mpiga kinanda wa kanisani, miaka sabini na mbili, anafuma soksi darasani. Nimemwandika.

Lorna akauliza: umetumwa kumjulia hali bibi kizee anayeishi peke yake, unagonga mlango wa mbele, hafungui. Unafanya nini? Nikasema navunja kwa bega. Nilishavunja mlango wa chuma mwaka themanini na saba, bega hili hili, wakati wa kimbunga, tukiwa watu kumi na mmoja na ndama. Lorna akashukuru. Halafu Delmar, kwa sauti yake ile ya kubembeleza barua, akasema ataenda mlango wa jikoni, kwa sababu wazee wengi hukaa jikoni na mlango wa mbele hawausikii.

Lorna akaandika kitu.

Sasa nauliza, na daftari ni shahidi: huyu anajuaje mlango gani unasikika na upi hausikiki? Nani katika kaunti hii anajua kila nyumba, kila mbwa, kila ufunguo uliofichwa chini ya chungu cha maua? Na mtu kama huyo tunataka kumpa beji?

Jumamosi, 9 Agosti

Maonyesho ya kaunti. Nimepewa fulana ya kung'aa na banda la mapishi. Delmar kapewa maegesho. Nikafurahi: yeye na vumbi, mimi na pai.

Nachukia kuandika haya, lakini shajara isiyo na ukweli ni sawa na barua ya kuomba mkopo.

Saa nne na nusu akaingia mtu mgeni. Suruali imepigwa pasi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akatoa kijiko mfukoni. Kijiko, mfukoni! Akaenda kwenye meza ya pai za watu, pai ambazo hazijaguswa, akachota ya kwanza. Akatafuna. Akasogea ya pili. Akachota. Pai ya tatu, ya tufaha, ya dada yangu Ardith, akachota katikati kabisa!

Nilikumbuka sheria. Nikatazama. Nikauliza: wee bwana, nani kakuruhusu? Akasema kwa mdomo uliojaa kwamba yeye ndiye jaji wa pai. Hapo akajikaanga kwa mafuta yake. Jaji wetu wa pai ni mama Hester miaka ishirini sasa, kila mtu anajua, na mimi namjua kwa nyonga yake mbovu. Nikamwambia keti. Akasema hawezi kuketi, bado pai kumi na nne. Nikamwita mwongo mlafi, nikakaa mbele ya meza na mikono imetanda, nikapiga simu kama nilivyofundishwa, nikasema nina mshukiwa mwenye kijiko.

Kumbe Hester kafanyiwa upasuaji wa hiyo nyonga, na bwana huyu kaletwa kutoka kaunti ya jirani. Hawakunitangazia. Wangenitangazia!

Jaji akakasirika, akaondoka na kijiko chake. Hakuna pai iliyopata utepe wa ushindi mwaka huu. Kinamama ishirini na wawili wamenitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nilipoangusha keki ya ubatizo. Ardith hakunitazama kabisa.

Jumapili, 10 Agosti

Lorna kaja nyumbani baada ya ibada. Hana sare. Hilo baya zaidi.

Akakaa kibarazani, akanywa chai ya baridi, akasema Mjomba, baraza limenipa huu mpango kwa majaribio. Wakiona fujo, wanaufuta, nabaki na polisi wangu watatu na wazee wanakufa peke yao majumbani bila mtu kugonga. Nina watu tisa na nafasi sita. Wewe sasa hivi ni wa tisa.

Nikamuuliza wa nane ni nani. Akasema hiyo siyo hoja.

Nikamwambia ukweli ambao siuandiki mara nyingi. Kwamba nimeshawaambia watu wote. Kwamba natengeneza mashine za kukatia majani tangu nina miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kunipa kitu cha kubandika kifuani. Akanishika bega. Akasema wiki hii kuna kazi moja ndogo itatokea tu, ziko kila wiki. Ifanye hiyo kama ilivyo. Simama nitakapokuweka, usitoke. Basi. Ukiifanya hiyo, nitakufikiria.

Nimeapa. Nimemwapia mtoto wa dada yangu, mkono kwenye jagi la chai.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi imetokea. Bi. Opal Henneke amefariki, miaka tisini na sita, usingizini. Mungu amlaze pema. Alinifukuza bustanini kwake nikiwa na miaka saba na hakunisamehe mpaka mwaka jana.

Kazi yangu: makutano ya barabara karibu na kanisa, bendera ya chungwa, kuzuia magari msafara ukipita. Nitaifanya hata ikinyesha mawe.

Lakini nimesoma tanzia kwenye gazeti. Na damu imesimama.

Imeandikwa wazi, kwa kila mwenye macho: ibada Alhamisi saa tano kamili, familia nzima itahudhuria, chakula baadaye nyumbani kwa marehemu, barabara ya kinu, nyumba nyeupe. Saa imetajwa! Nyumba imetajwa! Hata rangi! Je, wezi hawasomi gazeti? Mji wote uko kanisani, nyumba iko wazi, vijiko vya fedha vya Bi. Opal viko kabatini. Miaka yote hii hakuna aliyeliona hili isipokuwa mimi.

Nilitaka kumwambia Lorna. Nikajizuia. Delmar angesikia akaliiba wazo.

Halafu nikauliza, hivihivi tu, Delmar kapangiwa makutano gani Alhamisi. Lorna akasema Delmar hatakuwa barabarani, ana shughuli nyingine siku hiyo.

Shughuli gani? Siku hiyo? Saa hiyo?

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kwa hasira, au kwa kitu kingine, sijui.

Saa nne na nusu nilikuwa makutano. Bendera. Shati limepigwa pasi. Msafara ukapita, nikaupisha vizuri mno, mpaka dereva wa gari la maiti kaninyanyulia vidole viwili. Saa tano kila mtu yuko kanisani, milango imefungwa, kinanda kinalia. Makutano yamebaki mimi na kunguru. Nimuongoze kunguru?

Nikakumbuka kiapo. Nikakumbuka vijiko. Dakika kumi nilishindana na nafsi yangu. Sijawahi kushindana muda mrefu hivyo. Nikaacha bendera imechomekwa ardhini, mahali pangu, ili nisihesabiwe nimetoka.

Barabara ya kinu kimya. Nikaegesha mbali, nikanyata kupitia mahindi. Nikachungulia dirisha la jikoni.

Delmar Fosdick!

Amevaa aproni ya maua. Droo iko wazi. Anahesabu vijiko vya fedha vya marehemu, kimoja kimoja, anavifuta, anavipanga.

Nikaingia. Nikafuata sheria: nikauliza. Delmar hata hakushtuka. Akasema, karibu Verlin, nakaa nyumba. Nikasema unakaa nyumba maana yake nini? Akasema siku zote kuna mtu anakaa nyumba ya msiba watu wakienda kuzika, wezi husoma magazeti. Analinda, anapokea bakuli za chakula wanazoleta majirani, anapasha. Kwa kawaida huwa Winona, lakini leo yuko kwenye kinanda, na kamati ya kinamama imeniomba mimi.

Wezi husoma magazeti! Maneno yangu, mdomoni mwake!

Nikamwambia, Delmar, mimi nimekula kwenye misiba yote ya kaunti hii kwa miaka hamsini na sita na sijawahi kumwona huyo mkaa nyumba. Akasema ni kwa sababu wewe ukifika unaona chakula tu. Ulidhani kinajipasha?

Nikatafakari. Kusema kweli sikuwahi kulifikiria. Nafika, kiko moto. Ndivyo kilivyo.

Lakini mimi si mtoto. Kinamama wamwombe mwanamume kukaa jikoni? Na aproni? Nikafanya kama nimeamini. Nikamwambia basi ongeza vikombe, watu ni wengi leo. Akasema umesema kweli, akaingia stoo kuchukua vikombe. Nikafunga mlango. Nikakaza kiti chini ya kitasa.

Iandikwe vizuri: sikumgusa. Niligusa mlango.

Nikapiga simu. Lorna kazima, yuko ibadani. Ikabidi niende mwenyewe. Natoka, Delmar anapiga kelele stoo: oveni, Verlin, oveni! Wahalifu ndivyo walivyo. Wanakutoa kwenye mada.

Nimeingia kanisani mlango wa pembeni, wimbo wa mwisho, wabebaji sita wameshainua jeneza. Nikainama sikioni kwa Lorna nikamnong'oneza kwamba nyumba ya marehemu imevamiwa na mhalifu yuko mikononi mwetu. Nakubali, kunong'ona kwangu si kunong'ona kwa watu wengine. Kinanda kikakatika. Kanisa zima likageuka. Lorna akauliza, taratibu sana, mhalifu gani? Nikasema Delmar Fosdick, na ushahidi wa vijiko.

Halafu Winona, kutoka kwenye kinanda, kwa sauti ya kwaya: Verlin we bwege, nani anaangalia oveni?

Hapo hapo vile vikengele vya kuwaita zimamoto vikalia. Sita kwa pamoja, viunoni mwa wabebaji sita. Zimamoto wetu wote ni wa kujitolea, na wabebaji wa Bi. Opal wote walikuwa zimamoto. Jirani kaona moshi. Wakatazamana. Wakalitazama jeneza. Wakalirudisha chini polepole, kwa adabu, mkubwa wao akalipigapiga kama anayesema samahani mama tunarudi sasa hivi, wakatoka mbio na tai zao nyeusi.

Bi. Opal akasubiri. Hakuwa na haraka tena.

Tulipofika, moto ulikuwa umeshazimwa. Delmar katoka kwa dirisha la stoo, dirisha la kupita paka, suruali imechanika, na kauzima moto kwa jagi mbili za maji ya limau. Alikuwa amesimama kwenye moshi na aproni yake, anasema hakuna aliyeumia, pazia tu, pazia na bakuli za oveni.

Bakuli za oveni zilikuwa tano. Makaa. Moja ilikuwa ya viazi na jibini, na mimi nikasema, mnisamehe, nikasema viazi vitapikwa vingine. Nadine, binti wa marehemu, akaichukua ile bakuli kwa kitambaa akaikumbatia. Akasema hii aliipika mama. Alipika Julai, akagandisha, akatuambia mtakula siku yangu, msije mkasema niliwaacha na njaa.

Nikatoka nje.

Watu wamekula mkate na matango ya siki. Nimesimama uani. Delmar hakunilaumu hata kwa neno. Aliniletea kipande cha mkate. Kwa nini hakunilaumu? Mtu asiye na hatia hulalamika. Nimeanza kuliandika hilo, nikalifuta. Nikaliandika tena, kwa penseli.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda. Ardith alisema usiende. Nimekwenda.

Ngazi za mahakama. Bendera. Wanaume wa meza ya kahawa wote, Burl mbele kabisa. Nimevaa koti la harusi maana mtu hajui. Lorna akasoma majina sita. Nilihesabu kwa vidole, nikafika cha sita, nikatazama kama kuna cha saba. Winona yumo. Kiongozi wa manaibu: Delmar Fosdick. Watu wakapiga makofi mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye paa. Baraza limesema mpango utaendelea.

Agosti ina vumbi. Liliniingia macho yote mawili.

Burl akaja. Nikajiandaa. Akasema, Verlin, yule kuku wangu naye hakuchaguliwa, akanipiga mgongoni, akaenda zake. Simwelewi yule mtu.

Baadaye Lorna kashuka ngazi, kaja nilipo, nyuma ya mnara wa mashujaa. Akasema Mjomba, sikiliza. Sihitaji watu wa kukamata. Nahitaji watu ambao mtu akiwaona dirishani anawafungulia mlango. Wewe watu wakikuona na lile daftari wanafunga.

Nikamuuliza: wanafunga wote?

Akasema wote, Mjomba. Mtaa mzima. Hata komeo.

Nimelala kitandani nalifikiria hilo. Mtaa mzima, milango imefungwa, makomeo yamekazwa, kila dirisha limebanwa. Bila polisi hata mmoja. Kwa mimi kupita tu! Delmar akipita, milango inafunguka. Sasa mwenye akili aniambie ni nani kati yetu wawili anayelinda mji.

Jumapili, 17 Agosti

Mambo makubwa. Nilijua hawawezi kuniacha.

Baada ya ibada Ardith kanishika kiwiko, akanipeleka jikoni mwa kanisa. Wakaketi mbele yangu: yeye, Winona, na Nadine Henneke amevaa nyeusi. Wakanisomea uamuzi wa kamati ya misiba. Mwaka mzima, kila msiba, nitapokea bakuli, nitapasha, nitaosha, nitazirudisha kwa wenyewe. Sitakaa mezani kabla mtu wa mwisho hajala. Nadine akasema, mama yangu alikusamehe mwaka mmoja tu kabla hajafa, mimi nitakusamehe ukimaliza huu. Winona akanivalisha aproni. Ya maua.

Walidhani nitabisha. Nikainamisha kichwa kwa huzuni, kama mwigizaji.

Kwa sababu nimeelewa mara moja. Lorna anajua beji kifuani humwonyesha adui ulipo. Wale sita ni wa kuonekana. Kazi yenyewe inahitaji mtu wa ndani, asiyeshukiwa, mwenye ruhusa ya kuingia nyumba yoyote ya kaunti hii kwa mlango wa jikoni, wenyewe wakiwa kanisani. Naibu wa siri! Hawezi kunitamkia, bila shaka. Nilipomkonyeza Lorna mlangoni mwa kanisa akanitazama, akashika paji la uso, akaondoka. Ishara hiyo nimeipokea.

Nimeanza leo leo. Bakuli arobaini za msiba wa Bi. Opal na wa msiba uliotangulia, kuosha. Na sikuwa nimefika ya tatu nikagundua jambo ambalo sidhani kama mwanamume yeyote wa kaunti hii ameshaligundua. Zina majina chini! Zote! Kipande cha utepe, chini kabisa, mahali pasipoonekana ukila, na jina limeandikwa kwa wino usiofutika. Arobaini, na hakuna lililoandikwa juu!

Mtu mwema anaficha jina lake chini ya bakuli kwa nini? Nani aliwaunganisha? Tangu lini? Nilimuuliza Winona, hivihivi tu. Akasema bila jina utairudisha kwa nani? Osha.

Nimefungua daftari jipya ndani ya aproni. Naziandika zote moja moja, jina, rangi, ukubwa. Ya kwanza, kubwa, ya bluu, nimeigeuza kwa mkono uliojaa povu, nikaisogeza kwenye mwanga.

Ardith. Dada yangu wa damu!